Kjetil Rekdal alikuwa kiungo wa chini. Mabao makubwa ya Norwei aliyafungaje?

Kocha_Vijana

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa waliofuatilia Norwei ya miaka ya 1990. Kwenye orodha za vikosi Rekdal anatajwa kama kiungo wa chini, mbele tu ya mabeki. Lakini nikipitia mechi zilizoamua mambo, jina lake linajirudia: Wembley 1992, Meksiko 1994, Brazili 1998. Timu ya taifa alicheza mechi 83 na kufunga mabao 17. Kwa mtu wa eneo lile hayo ni mengi.

Alikuwa anafikaje golini bila kuacha shimo nyuma yake? Kwenye 4-5-1 ya kocha Drillo kazi yake hasa ilikuwa ipi? Na je, inafundishika kwa vijana wa miaka 16 na 17, au iliwategemea watu wale wale tu? Pia nimekutana na madai kwamba alitwaa ubingwa wa Ubelgiji akiwa Lierse. Ni kweli?

Benchi_la_Ufundi

Nianze na Lierse, maana hilo linakosewa mara nyingi. Lierse walikuwa mabingwa msimu wa 1996/97 chini ya Eric Gerets. Rekdal alikuwa pale tangu 1990, ila aliondoka kwenda Rennes mwaka 1996, kwa hiyo ubingwa ule ulipita bila yeye. Safari yake nzima ni hii: Molde, Borussia Mönchengladbach (1988), Lierse, Rennes, Hertha Berlin (1997), kisha Vålerenga kuanzia 2000. Akiwa Hertha walimaliza nafasi ya 3 Bundesliga msimu wa 1998/99, na msimu uliofuata wakavuka kundi la Ligi ya Mabingwa lililokuwa na Chelsea, Galatasaray na Milan.

Ubingwa wa ligi aliupata kama kocha. Mwaka 2004 Vålerenga yake ililingana na Rosenborg kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, Rosenborg wakachukua kwa kuwa walifunga mengi zaidi. Mwaka 2005 akautwaa, na ndipo mfululizo wa Rosenborg wa mataji 13 ulipokatika. Baadaye akabeba Kombe la Norwei mara mbili na Aalesund, 2009 na 2011.

Namba_Sita

Mkuu, kazi yake ilikuwa mipira ya pili, yaani mipira inayoanguka huru baada ya kugombaniwa hewani. Ukilishika hilo, mabao yake hayashangazi tena.

Egil Olsen, yaani Drillo, alichukua timu mwaka 1990. Alichambua mechi kwa video na kuhesabu mashambulizi, akaona kwamba hatari kubwa huja pale wapinzani wanapokuwa hawajajipanga. Kwa hiyo Norwei wakiupata mpira, unakwenda mbele upesi. Wakiupoteza, wote wanarudi kukaba kwa maeneo, si mtu kwa mtu: mabeki 4, viungo 5 mbele yao, mshambuliaji mmoja juu.

Njia iliyojulikana zaidi ilikuwa ya Jostein Flo. Kwa asili ni mshambuliaji mrefu, lakini Drillo akamweka winga ya kulia. Sababu ni rahisi: kule anashindana hewani na beki wa kushoto, ambaye kwa kawaida ni mfupi kuliko mabeki wa kati. Stig Inge Bjørnebye, beki wa kushoto wa Norwei, anaupiga mrefu wa kukatisha uwanja, na Flo anaushusha ndani kwa kichwa. Mpira ukishaguswa na kichwa hakuna anayejua utaangukia wapi kwa uhakika, na hapo ndipo viungo wa kati wanapopata mshahara wao. Mmoja anakimbilia nyuma ya Flo, mwingine anabaki chini kidogo akiutazama uso kwa uso.

Tazama tena bao la Meksiko, Kombe la Dunia, Washington, 19 Juni 1994. Mshambuliaji Fjørtoft anachezewa vibaya, mwamuzi Sándor Puhl anaacha mchezo uendelee, mpira unabaki huru. Rekdal, aliyeingia kutoka benchi, anaupitia na kumfunga kipa Jorge Campos. Hakuwa amesimama kwenye boksi akisubiri. Alikuwa anakuja, na mtu anayekuja anauona mpira na goli kwa pamoja, wakati beki lazima ageuke kwanza. Nusu hatua hiyo inatosha.

Wembley, 14 Oktoba 1992, ni jambo tofauti. Lile lilikuwa shuti kali la mbali lililomshinda kipa wa Uingereza Chris Woods, sare ya 1-1, na mwisho wa kundi la kufuzu Norwei na Uholanzi ndio waliokwenda Marekani huku Uingereza ikibaki nyumbani.

Kuhusu shimo: hapandi kila mara. Kiungo wa chini anapanda pale tu ambapo viungo wawili wenzake wapo nyuma ya mpira, au winga wa upande wa pili ameshaingia ndani kuziba. Kama kiungo mwenzake Leonhardsen ameshakimbia mbele, wa chini anabaki.

Soka_Takwimu

Nakubali maelezo ya Namba_Sita, lakini tusiupambe mfumo huu kupita kiasi. Ulikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulionekana kwenye Kombe la Dunia lile lile la 1994.

Baada ya kuifunga Meksiko 1-0, Norwei walikutana na Italia. Kipa Pagliuca akatolewa kwa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, kocha wao Sacchi akamtoa Roberto Baggio ili aingie kipa wa akiba. Wachezaji 10 dhidi ya 11 kwa zaidi ya saa nzima, na aliyefunga ni Dino Baggio wa Italia, kwa kichwa. Kisha 0-0 na Ireland. Timu zote 4 za kundi zikamaliza na pointi 4 na tofauti ya mabao sifuri, Norwei wakashika mkia kwa sababu walifunga bao 1 tu.

Kwa nini? Italia walipopungua walishuka chini, na nafasi nyuma ya mabeki ikaisha. Mpira mrefu ukienda kule unaishia kwa kipa, au mpira wa pili unaangukia msitu wa miguu. Mfumo wa kumkuta mpinzani hajajipanga unahitaji mpinzani anayepanda. Brazili walipanda, na katika mechi 4 kati ya 1988 na 2006 hawakuwahi kuifunga Norwei.

Tukifika kwenye mechi ya Brazili ya Kombe la Dunia, Marseille, 23 Juni 1998: Bebeto anafunga dakika ya 78, Tore André Flo anasawazisha, kisha beki wa Brazili Júnior Baiano anamvuta Flo jezi ndani ya boksi. Mwamuzi Esfandiar Baharmast akashambuliwa sana kwa penalti ile, hadi picha ya kamera iliyokuwa nyuma ya goli ilipoonyesha jezi inavutwa kweli. Rekdal akafunga, 2-1. Sisi wa bara hili tuliumia, kwa sababu Moroko walikuwa wanaifunga Uskoti 3-0 jioni ile ile na walikuwa na pointi 4. Norwei wakafika 5, Moroko wakatoka. Baharmast hakukosea, na ni haki jina lake lisafishwe kila hadithi hii inaposimuliwa.

Kocha_Vijana

Asanteni sana, mmenifungua macho. Kwa hiyo mazoezi yake yanapangwaje? Uwanja ni wa udongo, mpira unadunda ovyo, na viungo wote wawili huwa wanaurukia mpira mmoja.

Namba_Sita

Hilo la wote wawili kuurukia ndilo kosa la kwanza karibu kila mahali, kwa hiyo zoezi linaanzia hapo.

Pima mita 50 kwa 40, goli moja lenye kipa. Mpigaji asimame mwisho wa upande wa pili na mipira 8. Umbali wa mita 35 mbele yake weka mshambuliaji mrefu na beki mmoja. Mkimbiaji mmoja na beki wake wawe pembeni yao. Nyuma ya hao, kwa upande wa mpigaji, weka viungo wawili dhidi ya viungo wawili. Mpira unapigwa juu, na timu ina sekunde 6 za kupiga shuti tangu kichwa kinapogusa. Kuupata mpira wa pili ni pointi 1, bao ni pointi 3. Pointi ya mpira wa pili ndiyo inayobadilisha tabia yao, usiiondoe.

Masharti kwa viungo wako wawili: mmoja anamkaribia mshambuliaji, mwingine anabaki mita 10 hadi 12 nyuma ya mahali mpira unaposhuka, kidogo upande wa ndani ya uwanja. Waitane kwa sauti mpira ukiwa bado hewani. Wa nyuma anasogea wakati mpira unaruka, lakini kichwa kinapogusa miguu yake lazima iwe imetulia, magoti yamekunjwa kidogo. Akiwa bado anakimbia kwa kasi, mpira ukidunda vibaya unampita. Kwenye udongo mwongezee mita 2 za umbali, auone mdundo wa kwanza kabla ya kuamua.

Kosa la pili liko kwa mabeki, na wengi hawalioni. Mpira mrefu ukipigwa, mabeki wanne wapande mita 10 hadi 15 wakati mpira uko hewani. Wakibaki walipo, kati yao na viungo kunakuwa na pengo kubwa, na mpinzani akiushinda mpira wa pili anakimbia peke yake. Watu wanamlaumu namba 6, yaani kiungo wa chini, wakati chanzo kiko nyuma yake.

Vichwa visizidi 10 kwa kila mchezaji kwa siku, mara mbili kwa wiki. Mipira mingine mpigaji aipige kwenye kifua cha mshambuliaji au airushe kwa mikono.

Benchi_la_Ufundi

Nyongeza ya penalti, kwa kuwa ile ya Marseille ilipigwa miguu ikiwa imechoka dakika za mwisho. Msiipige mwanzoni mwa mazoezi vijana wakiwa wabichi. Weka penalti 2 kwa kila mpigaji mwishoni, baada ya mbio za mwisho. Achague kona kabla ya kuuweka mpira chini, na asiibadilishe akishaanza kukimbia. Wengi hukosa kwa kubadilisha katikati: mguu wa kuegemea unatua mbali na mpira, mwili unalala nyuma, shuti linapaa. Muonyeshe mahali mguu huo unapotua, sentimita 15 hadi 20 pembeni ya mpira, na uuangalie huo kabla ya kuangalia kitu kingine.