Naomba ushauri: Land Cruiser Cygnus ya 2001 imekuwa ngumu kama lori, tatizo ni shokapu au haidroliki?

Mwanakilosa

Wakuu, salaam.

Ninamiliki Toyota Land Cruiser Cygnus ya mwaka 2001, injini ya petroli V8 ya lita 4.7, ambayo sasa inasoma kilomita 284,000. Gari hili ndilo linalompeleka mama yangu kliniki Morogoro mjini kutoka Kilosa kila baada ya wiki mbili, na nililichagua kwa sababu moja tu, kwamba mgongo wake uliihimili safari bila maumivu. Kwa miezi minne sasa kila tuta na kila shimo linapiga moja kwa moja kwenye viti, na safari iliyopita mama aliniomba tusimame mara tatu.

Kitufe cha kupandisha na kushusha gari bado kinafanya kazi, ingawa kupanda kutoka chini hadi usawa wa kawaida kunachukua muda mrefu kuliko zamani. Hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi, wala sijaona oili ikivuja. Mwaka jana nilifunga bampa la chuma mbele pamoja na keria juu. Fundi wa kwanza alibonyeza bodi mara mbili akasema shokapu zimekufa na mfumo wote wa haidroliki ung'olewe. Wa pili anataka kuongeza oili ya stelingi kwenye tangi la mfumo. Sijamruhusu yeyote kugusa kitu hadi nipate mawazo yenu.

Spana14

Mkuu, pole kwa mama, na umefanya vyema kusubiri. Oili ya stelingi isiingie humo kabisa, wala ya breki. Mfumo huo, AHC (haidroliki inayosaidia kubeba gari na kulipandisha au kulishusha), una oili yake maalumu, na ukichanganya, sili za mpira zinaweza kuharibika zote kwa pamoja.

Shokapu za gari lako hazifanyi kazi peke yake kama za gari la kawaida. Kila moja imeunganishwa na tufe la chuma lenye utando wa mpira ndani, upande mmoja una oili na upande wa pili una gesi ya naitrojeni, na gesi hiyo ndiyo inayomeza mshtuko gurudumu linapopanda tuta. Kadiri miaka inavyopita gesi hupungua polepole, na ikishapungua oili haina tena pa kusukuma, kwa kuwa oili yenyewe haibanwi. Hapo gari hugonga kama lako linavyogonga, ilhali shokapu zenyewe ni nzima.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Egesha mahali tambarare, washa injini, pandisha gari hadi H (juu), usubiri litulie, kisha soma oili imefikia mstari gani kwenye tangi. Shusha hadi L (chini) usome tena. Matufe mapya huleta tofauti ya mistari kama 14 hivi. Ukipata 7 au chini ya hapo, matufe yamekwisha.

Mama Neema wa Iringa

Naunga mkono, ila ndugu yetu asilisahau lile bampa. Kwenye gari hili uzito wa mbele hubebwa kwa sehemu na tosheni ba (vyuma virefu vinavyojipinda, vinavyofanya kazi ya springi) na kwa sehemu na haidroliki, kwa hiyo ukiongeza chuma mbele, au tosheni ba zikilegea kwa uzee, haidroliki hulazimika kubeba ziada, presha inapanda, na gesi iliyobaki inabanwa hadi inakuwa ngumu. Tafuta fundi mwenye kompyuta inayosoma presha ya AHC. Mbele inatakiwa iwe karibu na megapaskali 6.9. Ikizidi sana, tosheni ba zikazwe kwanza, kazi ambayo haihitaji spea yoyote.

Kitonga Juu

Mimi niliung'oa mfumo huo kwenye Land Cruiser VX yangu na sijutii, kwa sababu huku niliko kuipata oili yake ni shida. Lakini fundi aliniwekea shokapu za kawaida akaziacha springi na tosheni ba za zamani, ambazo ni laini kwa kuwa zilitengenezwa zisaidiwe na haidroliki, na gari likakaa kitako hadi niliponunua nzito. Ukiamua kung'oa, hesabu gharama hizo zote tangu mwanzo. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa mgongo ningeutengeneza mfumo wenyewe. Gari langu sasa ni imara, lakini ulaini ule haukurudi.

Mwanakilosa

Nashukuru sana. Nimepima leo asubuhi mara mbili, na tofauti ni mistari 6. Presha ya mbele imesomeka 8.3. Bampa nimelifungua tayari. Je, nianze na matufe au tosheni ba?

Spana14

Anza na tosheni ba, upime presha tena, maana matufe mapya yakifungwa chini ya presha hiyo yatachoka mapema. Baada ya hapo badilisha matufe yote manne kwa pamoja, na oili yote, kisha utoe hewa kwenye kila gurudumu. Msisitize fundi jambo moja: oili humo iko kwenye presha kubwa, na nati ya kutolea hewa ikifunguliwa gari hushuka ghafla. Injini izimwe, stendi ziwekwe chini ya chesisi kabla mtu hajaingia, na nati ifunguliwe polepole ikiwa na mpira unaoelekea kwenye chupa.