Maji machafu ya kukamua mawese: yanaweza kutupatia gesi ya kuchemshia?

MkamuajiUvinza
Wakuu, kiwanda chetu kidogo cha mawese kipo Uvinza, Kigoma. Msimu ukiwa mzuri tunapitisha tani 5 za mikungu kwa siku, na yanatoka maji machafu kama mita 3 za ujazo: ya moto, kahawia, tope jingi na mafuta yanayoelea. Kwa sasa yanaingia shimoni. Harufu inafika kwenye nyumba za watu, na mvua ikinyesha shimo linafurika kuelekea kijitoni. Kuni nazo zinazidi kupanda bei. Je, kwa kiwango hiki mtambo wa gesi unalipa? Uwe na ukubwa gani? Na gesi hiyo tuchemshie au tuwashe jenereta?

FundiGesi
Unalipa, hasa mkianza na kuchemshia. Hesabu ni hii. Maji ya mawese kwa kawaida yana COD, yaani kipimo cha uchafu unaokula oksijeni, ya takribani gramu 50 kwa lita. Mita zako 3 ni kilo 150 za COD kwa siku. Mtambo, ambamo bakteria huozesha maji hayo bila hewa, ukifanya kazi vizuri huondoa kama asilimia 80, sawa na kilo 120, na kila kilo hutoa mita 0.35 za ujazo za methani, ile sehemu ya gesi inayowaka. Hiyo ni mita 42 za methani. Kwa kuwa methani ni karibu asilimia 60 ya gesi yote, utapata mita 70 za gesi kwa siku. Viwanda vikubwa vya Malaysia hukadiria mita 28 kwa kila mita ya maji, yaani 84 kwenu, lakini pangeni kwa 70.

Mita 70 zina joto sawa na kilo 100 hivi za kuni kavu. Kwa kuwa pipa la kuchemshia juu ya moto wa wazi hupoteza joto jingi, jiko la gesi lililobanwa vizuri chini ya pipa litaokoa kuni nyingi zaidi ya hizo. Kwenye jenereta ndogo utapata kama uniti 100 za umeme kwa siku, ila hapo gesi lazima isafishwe na matengenezo yanaongezeka.

Ukubwa: maji yakae ndani siku 30, kwa hiyo mita 90 za ujazo. Jengeni mabegi mawili ya plastiki nene yasiyopitisha hewa, ya mita 45 kila moja, si moja la 90. Moja likiharibika, jingine linabaki na mbegu ya bakteria wa kuanzishia upya. Ongezeni nafasi ya kutunzia gesi isiyopungua mita 50, maana gesi inazalishwa usiku na mchana ila mnachemsha saa chache tu.

Maabara_Ziwa
Naongezea kinachoua mitambo mingi: kumwaga humo maji jinsi yanavyotoka. Yana joto la nyuzi 80 hivi na pH, yaani kipimo cha asidi, ya 4 hadi 5 (ikiwa ndogo asidi ni kali, 7 ni katikati). Bakteria wa kawaida wa methani wanataka nyuzi 30 hadi 38 na pH karibu na 7.

Kwanza jengeni mtego wa mafuta wa vyumba vitatu, maji yakipita chini ya kila ukuta ili mafuta yabaki juu. Yachoteni kila siku. Watengeneza sabuni watayanunua. Mafuta yakiingia kwa wingi huwafunika bakteria na kufanya utando mgumu unaoziba bomba. Kisha bwawa la kupozea, siku moja au mbili.

Kuanza: jazeni nusu ya kila begi kwa maji na kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichochujwa majani. Funikeni na msubiri hadi gesi iwake. Halafu lisheni mtambo lita 500 za maji machafu kwa siku kwa jumla, mkiongeza 500 kila wiki mbili. Pimeni pH ya maji yanayotoka kila asubuhi. Ikishuka chini ya 6.8, acheni kulisha hadi ipande. Haraka hapa ndiyo inayogharimu: bakteria wa asidi huzaliana upesi kuliko wa methani, asidi inajaa, na gesi inabaki kabonidayoksaidi isiyowaka.

MkamuajiUvinza
Asanteni sana. Hiyo pH ya 4, tutie chokaa? Majivu ya mikungu mitupu tunayo mengi. Na msimu ukiisha inakuwaje?

Maabara_Ziwa
Chokaa iwe ya dharura tu, hugandia kwenye mabomba. Majivu hayo yana potasiamu nyingi, na maji ya mawese tayari yanayo. Ikizidi inawadumaza bakteria. Dawa nzuri mnayo bure: changanyeni maji mapya na yale yaliyokwisha kutoka mtamboni, nusu kwa nusu. Yana bikaboneti, chumvi inayopunguza asidi, ya kutosha kupandisha pH. Msimu ukiisha lisheni kidogo kidogo, hata kwa kinyesi. Bakteria huvumilia miezi bila chakula, ila kurudi kwenye mita 3 kuwe kwa hatua.

FundiGesi
Kuhusu gesi yenyewe: ina haidrojeni salfaidi, mara nyingi zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni. Hiyo ndiyo inayokula injini. Pitisheni gesi kwenye pipa lililojaa chenga za chuma zenye kutu kutoka karakana ya kukereza. Zikiwa nyeusi zimechoka. Zitoeni na kuzianika taratibu nje, mbali na majani makavu, kwa sababu zikikutana na hewa hupata moto. Bomba la gesi liwe na mteremko, na mahali pa chini kabisa pawe na valvu ya kutolea maji, la sivyo moto utakuwa unazima-zima. Wekeni pia kizuia moto kurudi nyuma karibu na jiko. Jenereta ya dizeli bado itahitaji dizeli kidogo ya kuwashia.

Mtu yeyote asiingie ndani ya begi au shimo lake kuzibua. Haidrojeni salfaidi ikizidi pua haiisikii tena, na mtu huanguka papo hapo. Tope litolewe kwa bomba la inchi 4 lililowekwa chini tangu ujenzi.

Maabara_Ziwa
Yanayotoka mtamboni bado si safi ya kumwaga kijitoni. Kiwango cha Tanzania ni BOD, yaani kipimo cha uchafu unaoozeshwa na vijidudu kwa oksijeni, kisichozidi miligramu 30 kwa lita, na yenu yatakuwa mamia au zaidi. Yapitisheni kwenye mabwawa mawili ya wazi, kisha yaende shambani kwenye michikichi kwa mifereji, mkibadilisha mistari. Kila mita ya ujazo ina kilo 2 hivi za potasiamu. Siku za mvua kubwa msimwagilie. Bwawa la mwisho liwe na nafasi ya kushika maji ya wiki mbili, na kingo zake ziinuliwe juu ya ardhi ili maji ya mvua kutoka uwanjani yasiingie.