Mrejesho: kikaragosi cha Valeska Gert kimepumua

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza hapa kikaragosi changu cha nyuzi kitachezaje “Pause”, ile dansi ya Valeska Gert, mchezaji dansi wa Berlin (1892–1978), ambayo alisimama tuli tu ndani ya ukumbi wa sinema wakati mikanda ya filamu ikibadilishwa. Shida ni kwamba kikaragosi kisichotikisika huonekana kimekufa.

Aliyeniambia nifunge uzi mmoja kifuani, Mungu akubariki! Nauvuta kidogo mno. Kifua kinapanda, kinashuka, mikono imelegea. Jana watoto wa safu ya mbele walianza kuhema nacho.

Sehemu ya onyesho inayomwonyesha Gert uhamishoni New York, alikofungua baa, bado inanisumbua. Myahudi aliyefungiwa jukwaa na Wanazi haelezeki kwa sanduku la safari peke yake. Hiyo bado naihangaikia.