MREJESHO: Mabaka ya zambarau mguuni kwa kaka yangu

Habari wakuu. Mwezi wa tatu niliuliza hapa kuhusu kaka yangu: ana VVU, aliacha dawa karibu mwaka mzima, mguu ukatoka mabaka ya zambarau yasiyowasha wala kuuma. Sisi tulikuwa tunapaka dawa ya fangasi. Wengi mkasema akakatwe kinyama kipimwe.

Tulitoka Tukuyu mpaka Mbeya mjini. Majibu: saratani ya Kaposi. Daktari alisema inaletwa na kirusi kingine, HHV-8, kinachopata nafasi kinga ikishuka. Akarudishwa kwenye ARV (dawa za VVU), na kwa kuwa mguu ulishavimba, akaongezewa dripu za kemo (dawa za saratani), mizunguko sita.

Mabaka yamefifia. Uvimbe haujaisha, kiatu bado hakiingii, na migomba anahudumia shemeji, mke wake. Ila ushauri wa mitishamba, ambao nao tuliufuata wiki tatu, ulitupotezea muda, nasema wazi.

Dada uliyesisitiza shemeji naye apimwe saratani ya mlango wa kizazi kwa kuwa naye anatumia ARV, na VVU huongeza hatari ya saratani hiyo: amepimwa kwa siki (hupakwa mlango wa kizazi ili dalili zionekane), hakukutwa na kitu. Mimi hilo lisingenijia kabisa.

Ndaga fijo, wote.