Kumuoza mwari ni stara ya nani?

Mzee wetu mmoja kasema humu kwamba kumuoza binti wa miaka 15 ni kumstiri, na wanaopinga wanaleta mambo ya wageni. Namjibu kwa heshima. Mimi ni mzaliwa wa Micheweni, Pemba, na nimelea mabinti.

Umasikini upo. Karafuu zisipozaa, mahari inasaidia. Lakini kwa niliyoyaona, kinachosukuma zaidi ni hofu ya aibu. Mtoto akishavunja ungo, mama halali. Akionekana kasimama na kijana njiani, jioni hiyo hiyo wazee wanakaa kikao. Na pale mtoto anapoharibiwa na mtu mzima, jirani au jamaa, ndipo muhali, kule kuoneana haya, unapoingia: "Tusifikishane polisi, sote ndugu." Mkosaji anaozwa mtoto yule yule! Hili linaniuma kuliko yote, maana aliyestiriwa hapo ni yeye.

Binti wa jirani yangu aliozwa akiwa na miaka 15. Bamvua lililopita, maji yalipotoka sana, nilimkuta anafunga mwani, mwanawe kamlaza juu ya kanga chini ya mkadi. Sasa ana miaka 17 na eda keshamaliza. Akanambia, "Shangazi, hesabu n'kizipenda mie," huku vidole vikihesabu mafundo kwenye kamba. Mahari ilishaliwa zamani, na baba aliyepunguza mlaji mmoja nyumbani leo analisha wawili.

Huyu alijifungua salama. Wapo ambao nyonga haijakomaa, uchungu ukapita siku nzima, mtoto akafia tumboni na mama akabaki na fistula, mkojo unamtoka bila kujizuia. Wangapi waume zao waliwavumilia?

Kuhusu sheria: Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilivikataa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18. Sheria ile ni ya Bara, kwetu ndoa za Waislamu ziko kwa kadhi. Ila Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, ya 2011, inasema yeyote aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hiyo ni yetu wenyewe, mzee wangu, hakuileta mgeni.

Nakuuliza wewe na wote mliowahi kukaa kwenye nikaha hizi. Nyinyi mlikuwa msikitini, binti yuko nyumbani, na kimya chake kikahesabiwa kuwa karidhia. Aliyekwenda kumuuliza, alimuuliza mbele ya nani?