Milan ya Sacchi: nini cha kumfundisha kijana wa Dar leo?

Mwalimu wa Mburahati

Wakuu, salaam. Milan ya kocha Arrigo Sacchi ilichukua ubingwa wa Italia mwaka 1988, ikabeba Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, 1989 na 1990. Kila mtu anasema mpira wa sasa umetokea pale. Naomba tuizungumze kwa vitendo. Kikosi nilichonacho ni vijana chini ya miaka 17, uwanja wa vumbi, mazoezi saa kumi jioni, tunacheza 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Mabeki wakipanda hadi karibu na mstari wa kati, mpira mrefu mmoja tu unawapita na tunafungwa. Tatizo ni kasi ya mabeki? Na kwa sheria za sasa za kuotea, mtindo ule bado una kazi?

Namba Sita

Kocha, kabla ya kuwagusa mabeki mtazame yule aliyepiga mpira mrefu. Kama aliinua kichwa, akachagua, akapiga bila kusumbuliwa, basi bao lile limeanzia kwa washambuliaji wako, namba 9 na namba 10. Hakuna beki duniani anayeshinda mbio akiwa ameanza nyuma ya pasi iliyopimwa vizuri.

Sacchi alitaka umbali kutoka beki wa mwisho hadi straika uwe kama mita 25. Watu wanaikumbuka namba hiyo upande wa mabeki peke yake, kwamba beki Baresi alikuwa anapanda. Alikuwa anapanda kwa sababu washambuliaji Gullit na Van Basten walikuwa wameshaanza kukaba mbele, na viungo Ancelotti na Rijkaard walikuwa nyuma yao hatua chache. Msimu wa 1987/88 walifungwa mabao 14 tu katika mechi 30 za ligi. Hiyo ni kazi ya watu kumi, si ya wanne.

Wafundishe vijana jambo moja mpaka walitamke usingizini: mpira umebanwa, tunapanda, mpira uko huru, tunashuka. Umebanwa maana yake mwenye mpira amegeuzia mgongo goli letu, au ameupokea vibaya ukamtoroka, au anarudisha pasi nyuma, au kuna mtu wetu mbele yake umbali usiozidi mita mbili. Uko huru maana yake ana nafasi na kichwa kiko juu. Hapo mabeki wanashuka kabla hajapiga, wamejigeuza nusu, wanaona mpira na goli lao kwa pamoja. Beki anayesubiri pasi ipigwe ndipo aanze kugeuka amechelewa hata akiwa na kasi ya swala.

Anza bila mpira. Wapange wote 11, wewe simama katikati na taja mpira uliko: "kushoto kwa beki wao", "katikati kwa namba sita wao", "winga wetu wa kulia". Kila ukitaja, timu nzima inahama kwa pamoja. Sacchi alifanya hivi sana, na hata wachezaji wake wakubwa walilalamika. Dakika 15 zinatosha kwa vijana, zaidi ya hapo akili inaondoka. Simamisha ghafla, pima kwa hatua: kati ya beki na beki upande wenye mpira hatua 8 hadi 10, kati ya mstari wa mabeki na wa viungo hatua 10 hadi 12. Ukikuta 20, hapo ndipo namba 10 wao ataishi.

Kisha weka zoezi lake maarufu. Gullit na Van Basten walimuuliza kwa nini mpangilio uzidi kipaji. Akachukua watu watano, kipa Giovanni Galli na mabeki Tassotti, Costacurta, Baresi na Maldini, akawapa wengine kumi wawashambulie kwa dakika 15. Sharti moja: wale watano wakiunyakua mpira, kumi wanaanza upya mita 10 ndani ya nusu yao. Wale kumi hawakufunga. Kwa vijana usianze na kumi. Anza watano kwa sita, wakishika panda hadi wanane. Ukiruka hatua watafungwa kila dakika, na baada ya hapo hawatakuamini tena unapowaambia wapande.

Kibendera

Naongezea upande wa sheria, maana hapa ndipo timu nyingi za ndondo zinaumia.

Milan ya wakati ule ilicheza chini ya sheria nyepesi kwa mabeki. Hadi 1990, mshambuliaji aliyekuwa sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho (kipa akihesabiwa) alihesabiwa ameotea. Tangu mwaka huo, akiwa sambamba yuko salama. Kusimama eneo la kuotea peke yake si kosa, na mwaka 2005 ukaja ufafanuzi mpya wa kosa lenyewe: lazima uguse mpira, umsumbue mpinzani au ufaidike na nafasi hiyo. Kwa hiyo ile picha ya Baresi kainua mkono, wenzake wamesimama, leo ni hatari. Winga aliyeotea anaacha mpira, kiungo aliyetoka nyuma anauchukua, na mabeki wako bado wanamtazama mshika kibendera.

Waambie wainue mkono wakiwa wanakimbia, au wasiinue kabisa. Na kwenye viwanja ambako mshika kibendera anatembea mbali na mstari wa mabeki, usijenge mechi yako juu ya kuotea. Panda ili kubana nafasi. Kuotea kukija, ni ziada.

Mwalimu wa Mburahati

Nashukuru sana, kaka zangu. Maswali mawili zaidi. Beki wangu wa kushoto kila mara anabaki nyuma ya wenzake hatua mbili tatu. Na jua la saa kumi, hasa Februari na Machi, linawamaliza. Wakikaba juu dakika 20 wameisha.

Namba Sita

Beki huyo anamtazama winga wake. Ndiyo kasoro kubwa ya kuhama kutoka kukaba mtu hadi kukaba eneo. Sacchi aliwapa wachezaji vitu vinne vya kutazama: mpira, nafasi, mpinzani, mwenzako. Kijana wako ameanza na mpinzani. Mpe dawa hii: mpira ukiwa kulia, yeye aingie ndani hadi usawa wa nguzo ya mbali, na amtazame beki wa kati, namba 5, kabla ya kumtazama winga. Sauti ya mstari iwe ya beki mmoja wa kati, namba 5 au 4. Wakipiga kelele wawili, mmoja anapanda na mwingine anashuka.

Mdau wa Temeke

Suala la joto halihitaji pumzi peke yake. Sacchi mwenyewe alieleza kuwa walikuwa na ukabaji wa namna tatu: wa kunyang'anya kabisa, wa kumchelewesha tu mwenye mpira, na wa kujifanya unakaba huku timu inapumzika. Dar hiyo ya tatu ndiyo inayokusaidia. Chagua vipindi: dakika 5 za mwanzo wa kila nusu, na kila mnapopoteza mpira nusu ya kwao, kimbizeni kwa sekunde 5 au 6. Msipoupata, rudini hadi mstari wa kati, bado mmebanana. Mkiacha kukimbia msiache kubanana, maana timu iliyotawanyika inakimbia zaidi kuliko iliyobanana.

Kwa maoni yangu huo ndio urithi mkubwa wa Milan ile, kuliko yale mabao 5-0 dhidi ya Real Madrid au 4-0 dhidi ya Steaua ya Romania kwenye fainali ya 1989. Kocha Wolfgang Frank aliufundisha Mainz, klabu ya Ujerumani, miaka ya tisini, na mmoja wa wachezaji wake alikuwa Jürgen Klopp, ambaye baadaye akawa kocha maarufu. Ancelotti aliubeba kutoka kiungo hadi benchi. Ukienda uwanja wa Mkapa, kaa juu nyuma ya goli, uache mpira, uhesabu umbali wa mistari miwili. Televisheni haikuonyeshi hilo kwa sababu inafuata mpira.

Kibendera

Na kipa. Galli aliruhusiwa kudaka pasi ya beki wake. Tangu 1992 hairuhusiwi akirudishiwa kwa mguu. Ukipandisha mstari, kipa wako asimame nje ya boksi mpira ukiwa nusu ya wapinzani, awe na mguu wa kupiga pande zote mbili. Kwenye vumbi mpira unadunda ovyo, kwa hiyo asiusubiri udunde mara ya pili: akiuwahi, autoe nje mara moja. Mpe dakika 10 za hilo kila mazoezi, kabla ya mashuti.