Nyoka wa kroshe wa mabaki ya uzi: nijaze faiba au vitambaa vya fundi?

UziLangalanga (Nakuru)
Habari zenu wapendwa. Niko na mfuko wa mabaki ya uzi umekaa tangu mwaka jana, yale ya sweta za shule na ya vitambaa vya makochi, maruni, kijani, njano na kijivu kidogo, na nimeamua nifume nyoka wa kuchezea, mrefu, wa mistari mistari. Shida niko na mia sita tu na sijui niipeleke wapi. Ninunue faiba ya mito ama nichukue vipande vya kitenge kwa fundi jirani yangu ambaye ananipa bure? Na macho, yale ya plastiki ya kubana kwa nyuma ama nishone na uzi? Halafu kuna mtu ameniambia mwili ni rahisi ukifuma bapa kama skafu ukakunja ukashona, badala ya kuzunguka. Naenda mjini Jumamosi, nisaidieni kabla ya hapo.

Sindano4 (Kisumu)
Dada karibu, lakini umetuacha gizani. Huyo mtoto ana umri gani? Uzi ni plai ngapi, yaani unene wake? Sindano uko nayo ni namba ngapi? Nyoka wa urefu gani? Mia sita inaweza kutosha na inaweza isitoshe, inategemea hayo majibu.

MamaPacha (Kisumu, Kondele)
Faiba tu, usijisumbue na mengine. Mimi huchukua soko la Kibuye siku ya Jumapili kwa wale wa mito, ama unachukua mto wa zamani uliolala, unaupasua, ile ya ndani unaichambua na vidole pole pole mpaka ifure kama wingu. Usiingize ikiwa mabonge vile imetoka. Ni nyepesi, ukifua inakauka siku hiyo hiyo. Na usingoje umalize kufuma ndio ujaze! Nyoka ni bomba refu jembamba, jaza kila ukifuma kama sentimita kumi, la sivyo mkono hautafika utaanza kusukuma na mwiko na stichi zinaachana.

ShangaziLurambi (Kakamega)
Mimi ni wa kuzunguka. Unaanza na kitanzi kile cha kuvuta kikaziba tundu, stichi 6, raundi ya pili 12, ya tatu 18, ukitaka kichwa kinene fika 24, enda raundi tano sita bila kuongeza, kisha punguza shingo irudi 18, na hapo umemaliza hesabu, mwili wote ni 18 tu unazunguka kama konokono bila kufunga raundi. Weka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwa stichi ya kwanza ya kila raundi ndio usipotee. Kubadilisha rangi, ile stichi ya mwisho imalizie na uzi mpya, yaani ule mvuto wa mwisho wa kupita vitanzi viwili uwe tayari ni rangi mpya, utaona mstari unakaa safi. Mikia ya uzi acha sentimita kumi kumi ndani, funga mbili mbili, faiba itaficha. Hiyo bapa inakuachia mshono tumboni, na mshono ukivutwa sana nyoka anajikunja upande mmoja.

Sindano4 (Kisumu)
Shangazi kwa heshima, bapa si mbaya kama unaifuma kwa urefu. Unaanza na mnyororo wa urefu wote wa nyoka, unaenda unarudi mistari kama 18, basi. Mistari ya rangi inatoka kichwani mpaka mkiani, na mtu ambaye hajazoea kuhesabu raundi hapotei. Ubaya wake ni mmoja, kila rangi lazima ifike mwisho wa mstari, kwa hivyo vile vibonge vidogo vidogo haviwezi kutumika. Kwa mabaki basi nakubali kuzunguka ni afadhali, uzi ukiisha unaunganisha popote.

UziLangalanga (Nakuru)
Pole kwa kuchelewa. Watoto ni wa dadangu, mkubwa ana miaka 4 na mdogo miezi 14. Sindano niliyo nayo ni namba 5. Lebo za uzi zilipotea zamani, wa maruni ni mnene kidogo kuliko wa njano. Nilikuwa nafikiria nyoka wa mita moja na nusu. Na macho ya plastiki nimeshanunua pea moja leo, yalikuwa mazuri nikashindwa kuyaacha.

MamaPacha (Kisumu, Kondele)
Miezi 14??? Hiyo ndiyo ungeanza nayo mama. Hayo macho yaweke kando kabisa.

Sindano4 (Kisumu)
Kweli. Hata yakiitwa macho ya usalama, mtoto wa chini ya miaka mitatu hapewi, kwa sababu kile kibanio cha nyuma kinashika vizuri kwa kitambaa lakini kroshe inanyooka, mtoto akivuta na meno tundu la stichi linapanuka jicho linatoka zima. Shona macho na uzi mweusi, zungusha mara nyingi mpaka yavimbe, na katikati piga doa moja jeupe, nyoka ataonekana anakuangalia. Ulimi pia, fuma mfupi ushone na mizizi yake ndani ya mdomo, usining'inie. Na mita moja na nusu ni kamba hiyo, itamzunguka mtoto shingoni. Fanya sentimita 60. Na namba 5 itaacha matundu faiba ichungulie, tafuta 3.5. Mia sita yako sasa imepata kazi, sindano na faiba.

NyanyaMolo
Watoto wangu salamu. Kuhusu uzi usio na lebo, kata kipande cha kidole kimoja, ushike na koleo juu ya sahani, uchome kwa kiberiti. Ukiyeyuka ukajikunja ukaacha kidonge kigumu cheusi huo ni akriliki, uzi wa kiwandani. Ukiungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi ni pamba. Ukinuka nywele zilizoungua ni sufu ya kondoo. Usichanganye sufu ya kondoo na akriliki kwa mnyama mmoja wa kufuliwa, maji moto yataifanya sufu inywee na akriliki ibaki vile ilivyo, mnyama atakuwa na viuno. Na ule wa njano mwembamba ufume nyuzi mbili pamoja, utakuwa sawa na maruni.

UziLangalanga (Nakuru)
Asante sana nyanya, nimechoma sasa hivi, yote imeacha kidonge isipokuwa kijivu. Kijivu kimekuwa majivu. Lakini bado sijajibiwa kuhusu kitenge cha bure, maana faiba ni pesa na kitenge kiko hapa mlangoni.

MwalimuWaUfumaji (Webuye)
Ngoja nikueleze yaliyonipata ndio uamue. Nilimfumia binti yangu nyoka wa mita moja hivi, kijani na nyeupe, nikajaza vipande vya fundi, kitenge na fulana, nimevikata lakini si vidogo. Siku ya kwanza alikuwa na mavimbe kama nyoka aliyemeza vyura watatu, nikasema si kitu, mtoto alimpenda hivyo hivyo, alikuwa anamvuta na mkia nyumba nzima. Mwezi wa nne akamwagia uji. Nikafua Jumatatu, nikamwanika kwa kamba nikiwa nimembana mkia, na hapo ndipo nilikosea, maji yote yalishuka kichwani na uzito wa vile vitambaa ukavuta mwili, stichi zikarefuka, matundu yakafunguka ukaona maua ya kitenge ndani. Mvua ilikuwa ile ya kila jioni, nikawa namtoa namrudisha. Jumatano nikimshika nje amekauka, nikampa mtoto akalala naye. Ijumaa usiku nikasikia harufu chumbani kama kitambaa cha kupangusia meza kilichosahaulika, nikadhani ni godoro. Jumamosi nikampasua tumbo na wembe, vitambaa vya katikati vilikuwa bado baridi vimelowa, vina madoa meusi, na kipande kimoja chekundu kilikuwa kimetoa rangi mpaka uzi mweupe ukawa waridi kutoka ndani. Nilimtupa. Mtoto alilia siku mbili na nikikumbuka bado inaniuma, kwa sababu ile kazi ilinichukua wiki tatu za jioni. Kama lazima utumie vitambaa, kata viwe vidogo kama ukucha, pamba tupu zilizofuliwa tayari, na uchanganye na faiba nusu kwa nusu. Na ukifua nyoka mkamue kwa taulo, umlaze bapa, usimning'inize.

MamaPacha (Kisumu, Kondele)
Pole sana mwalimu. Na wasije wakakwambia mchele au maharagwe ya kumpa uzito, fukusi wataingia.

KijanaWaBusia
Samahani nitoke kidogo kwa mada. Kwani lazima iwe nyoka? Huku kwetu mtoto akizoea kushika nyoka wa uzi siku moja atashika kifutu kwa majani. Kifutu hakimbii, anakaa tu pale kama amelala, na mtoto wa miaka minne hajui tofauti. Fuma sungura.

ShangaziLurambi (Kakamega)
Mwanangu hofu yako naielewa, mimi naishi karibu na msitu wa Kakamega na humo kuna kifutu wa pembe, yule ana pembe puani na rangi za bluu na njano zimepangwa kama kitambaa cha kochi. Lakini mtoto anayefundishwa majina ndiye anayejua kurudi nyuma. Mimi nilifumia wajukuu nyoka nikawaambia huyu wa nyumbani ana macho ya uzi, yule wa nje akionekana simama, rudi, ita mtu mkubwa. Wanalisema kama wimbo.

KijanaWaBusia
Sawa shangazi, lakini si kila nyumba kuna mtu wa kukaa na mtoto na kumwambia hivyo.

MamaPacha (Kisumu, Kondele)
Mpeleke huyo wa miaka 4 makumbusho ya Kisumu kuna nyoka hai, watoto wanaangalia wakiwa nyuma ya kioo, hapo ataelewa. Na huku kwetu chatu si wa kuchukiwa, Nyakach wazee wanamheshimu chatu wao Omieri, wanasema akija mvua na mavuno yanakuja. Nyanyangu hakuruhusu arushiwe hata jiwe.

Sindano4 (Kisumu)
Turudi kwa uzi jamani. Dada, ukifuata maelezo ya intaneti angalia kama ni ya Marekani au Uingereza, majina ya stichi hayafanani. Singo ya Wamarekani ndiyo dabo ya Waingereza. Sisi wengi tulifundishwa na mama zetu kwa Kiingereza cha Uingereza, kwa hivyo ukiona dabo kwa maelezo ya Marekani usidhani ni ile yetu fupi, yao ni ndefu, ukiifuma mwili utakuwa wavu.

ShangaziLurambi (Kakamega)
Mimi niliyoandika juu ni ile fupi kabisa, ya kuvuta mara mbili. Mimi naiita dabo toka shule.

MwalimuWaUfumaji (Webuye)
Mimi naiita singo.

NyanyaMolo
Ifumwe tu ikaze.

UziLangalanga (Nakuru)
Nimerudi kutoka mjini. Nimepata sindano 3.5 na faiba mfuko mdogo, pesa imebaki nauli ya matatu. Niko raundi ya 14, kichwa maruni kimeshajaa na ni kigumu kiasi, nikibonyeza kinarudi, shingo ndio naanza njano nyuzi mbili. Macho nimeshona, moja limekaa juu kidogo kuliko lingine, nimelifumua nitashona tena kesho mchana kwa mwanga. Kile kijivu cha pamba nimekiacha. Kwa urefu bado sijaamua, huyu wa miaka 4 ameniambia kwa simu anataka afike mlangoni.

KijanaWaBusia
Hicho kijivu kama hukitumii kinatosha masikio ya sungura.

MamaPacha (Kisumu, Kondele)
Mlangoni kutoka wapi? Kitandani ama kitini? Pima kwanza mama kabla hujafika mkiani.